Bwawa dogo la mtoni, bara ya Marafa: watoto waogelee upande gani wa ukuta?

BintiMuyeye

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nauliza mapema kabla likizo ya Desemba haijatufika.

Mimi ni mkazi wa Muyeye hapa Malindi, ila shamba la bibi mzaa mama liko bara, ukishaipita Marafa. Chini ya shamba hupita kijito, na zamani kilikingwa kwa ukuta wa zege ili watu wapate maji ya mifugo na bustani. Ukuta si mrefu. Nikisimama upande wa chini wanifika mabegani. Upande wa juu maji yametulia, mapana kidogo, na ng'ambo kumeota matete. Mvua ikinyesha maji ya ziada hupita juu ya ukuta na kuangukia upande wa pili, na hapo ndipo watoto wanapopapenda: maji meupe, povu tele, unakaa yanakupiga mgongoni.

Mwaka huu shangazi zangu waja kutoka Mombasa na watoto wao, wadogo kabisa wa miaka sita na wakubwa vijana wa sekondari. Tumepanga pilau, samaki wa kuchoma, mishipi ya kuvulia, na mjomba ameshapata tyubu la lori. Watoto wa huku mjini wanajua maji, wameogelea baharini, ufuo wa Silversands, tangu wadogo.

Ugomvi umeanza nyumbani. Bibi asema upande wa chini wa ukuta una jini anayeshika watu miguu, mtoto asikanyage. Mjomba asema bibi aachwe na mambo yake. Juu ndiko kwenye kina, chini maji ni ya kiunoni, basi watoto wakae chini. Nimfuate nani? Na tubebe vitu gani?

MzeeWaPampu

Waaleikum salaam, binti yangu. Mpe bibi salamu zangu na umwambie huyo jini wake namjua. Kabla sijastaafu nilikuwa mtu wa pampu na malango ya maji kandokando ya mto Sabaki, na kazi ile yakufanya utazame maji yanayovuka kuta asubuhi na jioni, utake usitake. Mjomba wako amepima kina. Pale kina si hoja. Hoja ni maji yaenda wapi baada ya kuanguka.

Sikiza. Maji yakishaanguka kutoka juu ya ukuta hayashiki njia moja kwa moja. Yapiga mbizi hadi sakafuni, yatambaa chini kwa chini hatua kadhaa, kisha yaibuka. Pale yanapoibuka utaona pamevimba, pachemka. Kutoka hapo yagawanyika: mengine yateremka na mto, mengine yarudi nyuma kwa juu, yaelekea ukutani, na yakifika ukutani yakutana na maji mapya yanayoanguka, yazamishwa upya. Ni mviringo usiokatika, kama pipa linaloviringishwa mahali pamoja. Mtu akiwa kati ya ukuta na pale panapochemka, huvutwa ukutani, akazamishwa, akaibuliwa, akavutwa tena. Hiyo ndiyo miguu inayoshikwa.

Na lile povu wanalolipenda watoto ni maji yaliyochanganyika na hewa. Hewa haimbebi mtu. Hodari wa kuogelea apiga mikono humo asiende popote, na hata mwenye jaketi la kuelea hawezi kulitegemea.

Sasa nisikutie hofu ya bure. Siku za ukavu, maji yakiteleza juu ya ukuta kwa unene wa kidole, hakuna jini wala ndugu yake. Hatari yake ni ukoga: mtoto ateleza apasuka kichwa kwenye zege. Lakini nyinyi mwaenda Desemba, mkiani mwa vuli. Maji yakivuka ukuta kwa kina cha sentimita 30 tu, ambayo ni kama goti la mtoto mdogo, kila mita moja ya ukuta yapitisha zaidi ya kilo 250 za maji kwa sekunde moja. Hesabu ukuta wenu una mita ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo huwapotosha watu wazima. Mto ukijaa, maji ya upande wa chini nayo hupanda, na lile anguko hupungua mpaka likaonekana la shubiri moja. Mtu husema, aa, leo hata ukuta hauonekani, maji yametulia. Hapo ndipo mrudio wa maji unaweza kuwa mkali zaidi. Mwaka 1975, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York huko Marekani, wazima moto watatu walikufa kwenye ukuta wa namna hiyo wakiwa kazini kuokoa. Walikuwa na mashua na mafunzo.

Wataka kumwonyesha mjomba bila kubishana naye? Mkifika, chukua nazi kavu yenye makumbi yake, itupe pale chini ya ukuta, kisha kaeni muitazame. Ikishuka na mto ikaenda zake, sawa, kwa saa hiyo tu. Ikirudi ukutani, ikazama, ikaibuka, ikarudi tena, basi mjomba amejibiwa.

Upande wa juu nao una yake. Tafuteni ule mlango wa chini wa kutolea tope, kuta nyingi za namna hiyo zinao, aghalabu karibu na kingo moja. Ukiwa wazi au umeoza, wafyonza, na juu huoni kitu. Tundu la sentimita 30 kwa 30 likiwa chini ya maji ya mita mbili, mguu au mgongo ukiliziba hulemewa na uzito wa kama kilo 180. Hakuna mjomba wa kumvuta mtoto hapo. Waulize wazee wa kijiji mlango uko wapi na ulifunguliwa lini mara ya mwisho. Vilevile mtu aliye kwenye tyubu akitazama kutoka juu haoni anguko; aona mstari tu ulionyooka na miti ng'ambo yake. Akija kusikia mlio, maji yameshamchukua.

Kwa hiyo jibu langu: watoto waende juu, lakini mbali na ukuta, kule mkiani ambako kijito huingia bwawani, penye mchanga na penye kuonekana chini. Kwanza mtu mzima aingie apime kwa fimbo, maana kila mvua yaleta tope jipya na magogo mapya. Pa mwaka jana si pa mwaka huu. Na kupiga mbizi kwa kichwa, hapana.

KijanaBarani

Kwa heshima Mzee, mnawatisha watu. Sisi tumekulia kuruka kutoka kuta kama hizo na tuko hai. Mtoto aliyezoea mawimbi ya Malindi hashindwi na kijito cha ng'ombe. Hapo wapeleke tu dada, mtu mzima mmoja akae akitazama, yatosha.

MzeeWaPampu

Mwanangu, mwanamaji wa Kwale, kufa maji ni mazoea. Waliosema hivyo hawakuwa waoga wa maji.

Nikujibu la bahari. Maji ya chumvi ni mazito kidogo, yakusaidia kuelea; ya mtoni hayana msaada huo, na yakitiwa hewa ndiyo kabisa. Pia mkondo wa bahari ukikuchukua wakupeleka mbele, ukilala chali ukatulia, unaweza kungoja mashua au ukaogelea pembeni mpaka ukatoka. Chini ya ukuta hupelekwi mbele. Warudishwa palepale, na pembeni mara nyingi kumejengwa kuta mbili za zege. Wanaofundisha uokoaji husema aliyenaswa asipambane kuelekea juu, ajikunje, aende na maji yanayozama mpaka chini, kwa sababu chini ndiko maji yanakotokea kwenda zake. Mfundishe hilo mtoto wa miaka sita ndani ya povu.

Na hujasimama chini ya ukuta ule ule miaka yote. Ulikuwa wa jina moja, maji mengine. Sakafu huliwa, nondo hutokeza, mashimo huchimbika.

KijanaBarani

Nondo ni kweli. Mwenzangu alichanwa paja na nondo. Sawa, hilo nimekubali. Lakini hata bahari ina watu wanaokufa na bado twaenda.

MuuguziWaBara

Nami nitie langu, nafanya kazi ya zahanati.

Kwanza lile la "mtu mzima mmoja akae akitazama". Anatazama nini? Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, pumzi hana, mikono yapiga maji kidogo pembeni kisha kimya. Wanaosubiri kusikia "nisaidieni" huchelewa. Shirika la Afya Duniani lakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na walio wengi ni wa nchi kama zetu, kwenye mito, visima na mabwawa kama hilo lako. Mtazamaji asiwe na simu mkononi, asiwe ndiye anayegeuza samaki, na abadilishwe kabla hajachoka. Wadogo wawe karibu naye kiasi cha kuwafikia kwa mkono.

Pili, matete uliyoyataja. Kichocho hicho, dada. Konokono wa maji baridi hupenda mahali palipotulia penye majani, na vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi bila kidonda. Hutoka kwa wingi jua likipanda, tangu asubuhi kiasi hadi alasiri, saa zilezile za pikiniki. Watoto wa mjini wanaoogelea baharini hawajazoea habari hii kwa sababu konokono hao hawaishi maji ya chumvi. Kaeni mbali na majani, pendeleeni sehemu yenye mchanga na maji yanayotembea, wasikae majini kutwa, wakitoka wajifute kwa taulo papo hapo. Kujifuta hupunguza, hakuzuii. Na nawaomba wajengewe mahali pa kukojoa mbali na maji, kwani mkojo wa mwenye kichocho ndio unaowapa konokono ugonjwa.

Baada ya miezi miwili mitatu wapelekwe wakapimwe mkojo, hata kama hawaumwi. Akikojoa damu msimwambie "amekua", mleteni. Dawa ipo, praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mtoto.

Tatu, akitolewa mtu majini. Msimning'inize kichwa chini na msimkamue tumbo. Hayo ndiyo nayaona kila mara na yanapoteza dakika. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hapumui, mpulizieni pumzi tano kwanza kwa mdomo, maana kilichomkosa ni hewa. Kisha mkandamizeni katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, 30, pumzi mbili, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Mwingine apige 999 au 112 na awashe gari. Na aliyemeza maji akakohoa sana, hata akicheka baadaye, aende hospitali siku ileile.

MvuviMambrui

Salaam. Mie wa Mambrui, mvuvi wa bahari, lakini mdomoni mwa Sabaki twavua pia, na pale huwezi kuvua bila kujifunza viboko na mamba. Kwa hiyo swali langu kwako dada: wachungaji wa pale wamesemaje? Usimwulize mwenye duka, mwulize mchungaji anayenywesha ng'ombe alfajiri. Mamba huhama mvua zikinyesha, kijito kikaungana na kingine, naye akapata bwawa lililotulia akakaa. Kama yuko, habari imekwisha, waarifuni KWS, shirika la wanyamapori, na muende pwani. Kama hayuko, bado alfajiri na magharibi wekeni watoto nje ya maji, na matumbo ya samaki msiyasafishie pale wanapoogelea.

Jingine ni nyavu. Watu hutega kambare kwenye mabwawa na kuacha nyavu kuukuu humo. Mguu ukiingia kwenye jarife la nailoni, kadiri unavyopiga ndivyo linavyokaza. Kabla ya watoto, pitisha kamba yenye uzito chini ya eneo lote wanaloogelea, watu wawili huku na huku.

Vifaa vyangu ni vya kimaskini. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya nailoni kama mita ishirini hivi, na upande wa pili wa kamba fundo la kushika. Sio la kujifunga kiunoni, la kushika, ili ikibidi uachie. Dumu hilo humbeba mtu mzima barabara. Tieni maji kidogo ndani lisipeperuke, lenda mbali ukilirusha. Rusha lipite kichwa chake kisha uvute limjie. Fanyeni mazoezi kabla, watu wazima na vijana, maana siku ya siku mikono hutetemeka. Kama yuko karibu, mti mrefu au leso zilizofungwa pamoja. Anayeruka majini kumfuata anazidisha hesabu ya maiti, nisameheni kwa neno hilo.

Na kamba nyingine ipigwe kuvuka bwawa, madumu madogo ya njano yakining'inia, mbali na ukuta, hatua hamsini angalau. Tyubu lisivuke hapo. Tena tyubu lenyewe lifungwe kamba inayoshikwa na mtu aliye nchi kavu. Upepo wa mchana ukitokea upande wa mkiani walipeleka ukutani huku watoto wanaimba.

BintiMuyeye

Shukrani zenu nyote, Mzee shikamoo. Nimewasomea bibi na mjomba sebuleni. Bibi hakusema kitu, amemtazama tu mjomba mpaka akatoka nje kuvuta sigara. Amerudi akasema nazi ataitupa yeye mwenyewe.

Nina maswali mawili yamebaki. Wale vijana wa sekondari hawatakubali kukaa na wadogo kwenye mchanga. Wanaweza kuvua wakiwa wamekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia? Na mvua: kijito ni chetu, mvua ikinyesha si tutaiona?

MzeeWaPampu

Marahaba, binti.

Juu ya ukuta, hapana, hata kama ni mkavu. Wakae ukingoni upande wa juu, kwenye udongo mgumu, samaki ni walewale. Kambare apenda matopeni karibu na matete, na jioni zaidi kuliko adhuhuri, kwa hiyo wapewe kazi ya asubuhi ya kuchimba nyungunyungu. Wakitaka sifa, wafanye mazoezi ya dumu la huyo bwana wa Mambrui, washindane nani anamfikia mwenzake aliyesimama shambani. Kijana akishapewa kazi ya uokozi hataki tena kuwa wa kuokolewa.

Mvua hutaiona. Sabaki yatokea mbali, huko juu mto huohuo huitwa Athi nao waanzia upande wa Nairobi, na sisi Malindi twaijua kwa bahari kugeuka nyekundu hali jua lawaka. Kijito chenu ni kifupi, lakini nacho chaletewa maji na vilima msivyoviona kutoka bwawani, na pengine kwa saa moja au mbili tu. Chomekeni kijiti pale maji yalipoishia mkifika, na mtu akitazame mara kwa mara. Maji yakipanda juu ya kijiti, yakigeuka tope ghafla, yakileta majani na vijiti, au mlio wa ukuta ukibadilika, toeni watoto kwanza kisha ndiyo mjadiliane. Sufuria ziacheni. Na gari msiliegeshe ng'ambo ya kivuko. Maji ya sentimita 60 yaendayo kasi hubeba gari.

Ukuta wenyewe pia tembeeni mkauangalie kingoni, pale zege linapokutana na udongo. Mkiona maji yanatokeza upande wa chini yakiwa na tope, udongo unaliwa ndani. Hapo msipumzike kabisa, wala juu wala chini, na mwambieni chifu na watu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Solai, kule Nakuru, bwawa la udongo lilipasuka Mei 2018 usiku, likaua watu zaidi ya 40. Lile lilikuwa kubwa kuliko lenu mno, lakini uliwaji wa udongo hauchagui.

KijanaBarani

Dada, mkikosa mtu wa kusimama na dumu mimi nipo, Jumamosi siendi kazini. Pilau nitaikuta?

BintiMuyeye

Utaikuta, kaka, ukija na nazi mbili. Mjomba asema moja itapotea. Dumu tunayo nyumbani, kamba ndefu ndiyo hatuna.

MvuviMambrui

Kamba ninayo, ya nailoni, nene ya kidole. Pita Mambrui asubuhi mkienda, ukifika sokoni uliza wavuvi. Lakini irudi, Jumatatu natoka nayo baharini.

MuuguziWaBara

Na taulo moja kwa kila mtoto. Si moja kwa wote, nawajua.